Lori Langu la Lokasio

Nianze na tairi, kwa sababu nikianza na karatasi mtaondoka. Nawajua vijana.

Ukifika kwenye potopoto, yale matope mekundu ya njia ya Lulimba yanayomeza gurudumu mpaka nusu, usikanyage mafuta. Kila dereva mgeni hukanyaga. Injini inalia, tairi zinachimba, na baada ya dakika chache lori limekaa chini kama kuku anayeatamia. Zima injini. Shuka, vua viatu, tembea mpaka ng'ambo ya tope huku ukilipima kwa fimbo kila hatua, ujue wapi kuna jiwe chini na wapi hakuna kitu. Punguza upepo wa tairi za nyuma. Kata matawi, yalaze mahali magurudumu yatakapopita, kisha uingie kwa gia ya kwanza bila kubadilisha na bila kusimama, hata kama mama mkwe wako yuko kando ya njia anakupungia mkono. Utamwomba msamaha ukishavuka.

Naitwa Wilondja. Pale parking ya Baraka wenzangu waliniita Baba Riziki, kwa jina la binti yangu. Nimeendesha malori kati ya Uvira, Baraka, Fizi na Lulimba miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, nikipandisha saruji na bia, nikishusha maharage, mahindi na mawese. Sikuwahi kuangusha lori hata moja. Hilo nalisema kwa majivuno na mtanivumilia, maana ndilo pekee nililotoka nalo kazini. Sasa magoti yamekataa kukanyaga klachi, nimestaafu, kama mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwajiri sawasawa anaweza kusema amestaafu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Mmunga, Mungu amrehemu, mtu mfupi aliyekalia mto wa kitanda ili aone njia. Kabla hajaniruhusu kushika usukani kwenye mteremko wa Fizi, alinishusha mteremko wote kwa miguu, nimebeba kigingi cha mti cha kuzuia gurudumu. Kila kona alinisimamisha na kuniuliza: hapa breki zikikataa utaelekeza wapi? Nikisema sijui, tunarudi juu. Nilifika Baraka mabega yamechubuka nikimlaani kimoyomoyo. Miaka mingi baadaye breki zilikataa kweli, na mikono yangu ilijua pa kwenda kabla kichwa hakijapata habari. Nililiegemeza lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likasimama.

Makosa nilifanya, msifikiri sikufanya. Mwaka wangu wa kwanza nilipakia madumu ya mawese juu na unga wa muhogo chini, kwa sababu madumu yalikuja ya mwisho na mimi nilikuwa na haraka. Tulipofika Baraka unga ulikuwa mwekundu. Mama mwenye unga hakupiga kelele. Alisema tu, "Hii ni ya kwako sasa, utaikula we na batoto yako." Alinilipisha gunia zima, na nyumbani tulikula bugali bwa rangi ya matofali mpaka majirani wakaanza kututania. Mafuta hupakiwa chini na nyuma, peke yake. Hamtasahau, kama mimi nisivyosahau.

Haya, mmecheka. Sasa karatasi.

Kuna neno moja lililonila, nalo ni lokasio. Mkilisikia leo ninyi mnaelewa moja kwa moja, mmesoma Kifaransa. Sisi tulilijua kwa njia nyingine. Miaka ile mashirika ya msaada yalipojaa Baraka, yalikodi magari ya watu. Gari likikodiwa hivyo tulisema limeingia lokasio. Na gari lililoingia lokasio, jamani, lilikuwa linakula bila kufanya kazi. Lilisimama kwenye ua wa ofisi wiki nzima, dereva amelala kivulini na kofia usoni, na mwisho wa mwezi dola zinalipwa vilevile. Mtu akisema gari la fulani liko lokasio, wanawake walimsalimia mke wa fulani kwa sauti nyingine. Kwetu sisi madereva wa potopoto, lokasio lilikuwa neno tamu kupita sukari.

Basi siku moja nilikuwa Uvira, kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja mwenye malori mengi. Jina lake sitalitaja. Sote tulimwita Tajiri, na Tajiri atabaki. Nilikuwa naendesha lori la mtu mwingine kwa mshahara. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akaweka funguo juu ya meza.

"Baba Riziki, utatembeza gari ya batu mpaka lini?"

"Mpaka Mungu anipatie yangu," nikasema.

"Mungu amekupatia leo. Ile ya bluu kule inje. Tunafanya kontra ya lokasio. Kila juma unaniletea vesema yangu, na nyuma ya miaka tatu gari inakuwa ya kwako."

Kontra ni mkataba, na vesema mnaijua, ni ile pesa ambayo dereva hupeleka kwa mwenye gari. Hiyo haikunitisha. Kilichonilewesha ni lile neno jingine. Nilielewa kwamba Tajiri, mtu mkubwa anayejuana na wakubwa, amepata mahali pa kuliingiza lori lile kwa mashirika, na kwamba dola za lokasio ndizo zitakazolipa vesema. Nilijiona tayari na kofia usoni, kivulini.

Mtaniuliza, kwa nini hukuuliza? Niliogopa. Palikuwa na dereva mwingine nje anasubiri zamu yake, na niliona nikiuliza maswali mengi bahati itatoka nje kwa mlango ule ule. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa nne. Mimi niliacha shule darasa la nne, nasoma Kiswahili cha Biblia vizuri sana na Kifaransa kidogo cha vibao vya barabarani. Juu kabisa niliona CONTRAT DE LOCATION, herufi kubwa, nikaitambua, nikafurahi. Nilisaini. Kama dhamana niliweka hati ya parseli yetu ya Baraka, kiwanja pamoja na ile nyumba ya matofali niliyojenga na mke wangu, yeye akichota maji ya udongo na mimi nikifyatua.

Mwezi wa kwanza nilikaa kusubiri kuitwa na mashirika. Nililiosha lori kila Jumamosi kwenye ziwa. Nilinunua turubai jipya kwa pesa yangu, ili wazungu wasione aibu. Mwezi wa pili nikamwendea Tajiri, nikamuuliza lokasio itaanza lini. Alinitazama, nikaona jambo fulani linapita usoni mwake, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki mwenyewe ajue. Akaniambia, "Lokasio iko, Baba Riziki. Pole pole. We lipa vesema kwanza." Nikarudi nimetulia. Alikuwa ameelewa kosa langu, na aliniachia nikae nalo, kwa sababu lilimfaa. Hasira yangu kubwa mpaka leo iko hapo, kwenye ule uso, kuliko kwenye pesa zote.

Kazi nilifanya. Nilipakia chochote, nilipita popote. Lakini vesema haikujua mvua. Daraja likichukuliwa na maji, malori yanalala upande huu siku kumi, mzigo unaoza, na Tajiri anaandika juma lile kuwa deni. Barabara ikifungwa kwa sababu ya vita vya watu wasiotuuliza, anaandika deni. Na kipuri cha lori lake huruhusiwi kukinunua kwingine isipokuwa depo yake. Kulase ya injini ilipasuka Lulimba, kile kichwa cha juu cha injini. Fundi wa hapo alikuwa nayo, iliyotumika lakini nzima, kwa bei ya kuelewana. Nilikatazwa. Nikasubiri ya Tajiri ipande kutoka Uvira, kwa bei iliyonifanya nikae chini ya lori nisitake kutoka. Fundi akaniuliza, "Gari ni ya nani?" Nikamjibu ni yangu. Akasema, "Basi juu ya nini unaomba ruhusa?" Nilimkasirikia fundi yule.

Mzee Mmunga alikuwa bado hai wakati huo. Tajiri alikuwa amemtongoza yeye kabla yangu, na alikataa. "Mi nitabaki shofere ya muntu," alisema, "kila mwezi nakamata mushahara, gari ikikufa inamusumbua mwenyewe." Nilimcheka mbele ya wenzangu. Nilimwambia amezeeka, hana moyo. Alicheka na sisi, akarekebisha mto wake wa kitanda na kuondoa gari. Alikufa kwake, chini ya bati lake, na watoto wake wako mle mpaka leo.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu nilipoanza na tairi.

Deni la kulase lilinishinda. Tajiri akaniita. Safari hii hakukuwa na soda. Akasema, "Uko na mashofere benzako. Niletee moja mwenye mukono muzuri, mwenye iko na parseli ao nyumba. Ile deni ya kulase nitaikata yote." Alisema hivyo hivyo, mwenye parseli. Nililisikia neno lile na nikalielewa. Sikuwa tena yule mtu wa kofia kivulini. Nilikuwa nimeshajua kwamba hakuna shirika linalokuja, na kwamba kitu fulani ndani ya karatasi ile kinanila, ingawa sikujua bado ni kipi.

Nilimpelekea Asukulu.

Asukulu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, Mbembe mwenzangu, mtu wa Lweba. Aliendesha lori la mfanyabiashara wa Mboko aliyemlipa polepole lakini alimlipa. Mkono wake mwepesi kupita wangu, nakubali. Nilimkuta Swima, kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza bugali na samaki kando ya barabara, nikakaa naye, nikamlipia chakula.

"Iko lokasio," nikamwambia. "Nyuma ya miaka tatu gari ni ya kwako."

"We unaona iko muzuri, yaya?"

Yaya ni kaka mkubwa. Hakuwa na kaka mwingine wa kumwuliza.

"Niangalie mi," nikasema, nikanyoosha kidole kwenye lori la bluu lililosimama njiani, safi, na turubai lake jipya. Aliliangalia muda mrefu huku akiwa ameshika tonge. Wiki iliyofuata alisaini. Hana parseli, kwa hiyo aliweka hati ya nyumba ya mama yake, Mama Atosha, nyumba iliyotoka kwenye ndakala, wale dagaa wadogo, alizoanika juani ufukweni tangu akiwa msichana. Siku hiyo hiyo karani wa Tajiri alipiga mstari juu ya deni langu la kulase. Nilitoka pale nikitembea wepesi. Nilinunua hata sukari ya kupeleka nyumbani.

Mimi sikufika mbali baada ya hapo. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kutimiza ile miaka mitatu ya maneno, mvua zikaja, lame zikakatika, zile springi za vyuma vilivyopangwa chini ya lori, na kabla depo haijaleta nyingine nilikuwa nimekosa vesema majuma matatu mfululizo. Walikuja watu wawili na karatasi. Walichukua lori pale parking, mchana, madereva wote wakitazama, na mwezi haujaisha walikuja kwa ajili ya nyumba. Mke wangu alikunja mikeka. Alipomaliza kufunga sufuria aliniambia, "Mi sikusaini kitu, Baba Riziki." Hakulisema tena neno hilo, na hakuhitaji. Tunakaa kwa binti yetu sasa, chumba cha nyuma.

Binti yetu, Riziki, anafundisha sekondari. Hapo ndipo nilipompa ile karatasi aisome, baada ya yote, kama mtu anayemleta daktari kwa maiti. Aibu ndiyo iliyonizuia kumpa mapema. Baba hapendi mtoto wake ajue kwamba hakusoma alichosaini. Alisoma polepole, akasimama kwenye ukurasa wa kwanza.

"Papa, huku banakuita lokatere."

"Njo nini?"

"Mupangaji. Sawa ule mwenye kupanga nyumba."

"Mi sikupanga nyumba."

"Haiko nyumba, Papa. Ulipanga gari."

Nikamwuliza ni wapi imeandikwa kwamba baada ya miaka mitatu lori linakuwa langu. Alirudia kurasa zote nne, mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari. Nilimwona anatafuta kwa nguvu, anataka kukipata kwa ajili yangu.

"Haiko," akasema. "Neno ya kuuzisha haiko fasi yoyote."

Miaka ile yote nilikuwa nikilipa kodi. Nilinunua tairi za mtu, kulase ya mtu, turubai la mtu, na nikamlipa kwa kuniruhusu kuvinunua. Tajiri alilipaka lori rangi ya kijani na kulitoa kwa dereva mwingine juma lililofuata, karatasi ile ile, jina tu limebadilika.

Kwa hiyo ninyi mnaosimama parking, na ninyi wa pikipiki pia maana naona mchezo umeshuka mpaka kwenye pikipiki, sikilizeni kitu cha fundi na si hotuba ya mzee. Kabla hujafungua boneti, fungua karatasi. Mtafute mtu mwenye kusoma, mtu asiyelipwa na mwenye gari, hata kama ni mtoto wako na unaona haya. Aitafute vente, ndiyo kuuza. Kama iko location peke yake, ndiyo kupanga, hununui kitu hata ulipe mpaka uote mvi. Uliza karatasi ya umiliki, ile carte rose, itaandikwa jina la nani na siku gani. Uliza barabara ikikatika nani anabeba juma lile. Mtu akikwambia mwingine yuko nje anasubiri, mwache aingie. Na ukiletwa pale na rafiki, mwulize rafiki huyo amepewa nini.

Asukulu bado anaendesha. Ni mtu wa kujinyima, hanywi, hajakosa vesema hata moja, na anaamini mimi nilinyang'anywa lori kwa sababu ya yale majuma matatu tu. Kila Jumapili baada ya ibada hupita kunisalimia na ndakala kavu kwenye mfuko, kutoka kwa mama yake. Jumapili iliyopita alikaa kwenye kiti changu, akanyoosha miguu, akasema, "Yaya, bado miezi ine. Siku ya kukamata karatasi ya gari nitachinja mbuzi, na we utakaa mbele. We njo ulinifungulia mulango." Mke wangu alinitazama kutoka jikoni. Mdomo wangu ulikuwa umejaa samaki wake, na mimi nilitafuna, nikatikisa kichwa kukubali, nikamwambia Mungu ni mwema.

Nimejaribu kumwambia mara nyingi na sina mdomo. Ninaogopa kuuona uso wake. Lakini haya Riziki anayachapa kwa ajili ya gazeti la vijana wa parokia, na Asukulu hulisoma lote, hata matangazo ya ndoa.

Asukulu, mdogo wangu, soma hapa. Siku uliyosaini, mimi nilifutiwa deni. Niliuza nyumba ya mama yako kwa kulase moja, na nilijua kwamba kuna kitu kibaya, na nilikulipia chakula ili usiulize sana. Hakuna lori litakalokuwa lako baada ya miezi minne. Riziki anasema kuna kifungu kimoja tu ndani ya karatasi yangu, na yako ni ile ile, kinachomsaidia dereva: akirudisha lori akiwa hana deni, dhamana yake inarudi. Wewe leo huna deni. Mvua zinaanza mwezi ujao, na njia ya Lulimba unaijua. Usipakie tena. Pita shuleni umchukue Riziki, mpande Uvira, mpe Tajiri funguo zake mbele ya mashahidi, na usitoke pale bila hati ya Mama Atosha mkononi.

Kisha, Jumapili ikifika, usiniletee samaki.